Picha ya Asubuhi ya Fundi Zuberi

Binti aliyeingia studio kwangu alikuwa na baibui jeusi lililoliwa na vumbi la Mugumu mpaka magotini, na kabla hajafungua mdomo nilishajua ni wa nani. Paji lile la uso nililipiga picha kila asubuhi kwa karibu mwaka mzima. Siwezi kulikosea hata nikiwa na homa. Akaniamkia, akasema anaitwa Zuhura, ametokea Pangani, na kwamba anamtafuta dada mmoja anaitwa Ghati aliyefanya kazi na marehemu baba yake. Nikamwambia huyo dada sasa ni mama wa watu watatu, na ndiye anayezungumza naye. Hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa fremu iliyoviringishwa kwenye khanga, akailaza juu ya meza yangu ya kioo taratibu, kama anamlaza mtoto. Ndani alikuwamo Fundi Zuberi, ameketi kwenye kigoda chetu mbele ya pazia letu, shati jeupe, tabasamu lake lile la pembeni. Na alikuwa wa njano. Uso njano, macho njano, mpaka masikio.

"Mama anasema baba hakuwa hivi," akasema. "Anasema alikuwa maji ya kunde. Sasa nimekuja kuuliza. Ni wino umepauka, au alikuwa hivi?"

Mimi si mtu wa machozi ya karibu. Watu wa kwetu Morotonga wanajua kwamba ukitaka kuniona nalia ulete vitunguu. Lakini swali lile lilitaka kunitoa machozi, maana majibu yake ni mawili na yote ni ya kweli, na ukisema moja tu umedanganya. Nikamwambia akae kwanza. Nikaagiza chai na chapati kwa jirani, nikampa maji ya kunawa, nikajifanya nina kazi ya kumalizia kwenye kompyuta. Sikuwa na kazi yoyote. Juu ya kabati nyuma yangu, kwenye boksi la viatu lililofungwa kamba ya katani, alikuwamo baba yake, mamia yake, na sikuwa tayari kulishusha.

Mwaka ule niliofanya kazi na Fundi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nina cheti cha kidato cha nne na kiburi kinachozidi cheti. Studio ya Fundi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao laini, upande wetu picha, upande wa pili saluni ya akina mama, na ule ubao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua nani wa mjini ameachika kabla ya mume mwenyewe kujua. Mbele kulikuwa na meza ya kioo, kioo cha wateja kujitazama na kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee. Nyuma kulikuwa na kigoda, pazia jekundu la kitambaa kizito, taa mbili, na kwenye kona, juu ya meza iliyosawazishwa kwa kipande cha kigae, printa. Fundi alikuwa Mswahili wa pwani hasa, amekuja kwetu miaka mingi nyuma akiuza fremu na vioo, akabaki. Alikuwa akinitania kwamba sisi Wakurya tukisalimiana mgeni anatafuta pa kujificha, anadhani ugomvi. Na mimi nilimwambia yeye akiomba chumvi tu anatumia maneno ya mtu anayeposa. Tulipatana hivyohivyo, kwa kutupiana.

Siku ya kwanza hakunifundisha kamera. Alinikalisha mbele ya printa ikiwa imefunuliwa, akanionyesha kichwa. Ndani ya hiki, akasema, kuna matundu ambayo jicho lako haliyaoni, na kila tundu linatema wino mdogo kuliko umande. Wino wenyewe ni wa aina sita: mweusi, njano, bluu, mwekundu, na ndugu zao wawili waliopunguzwa ukali, bluu mwepesi na mwekundu mwepesi. Wino ukikaa bila kutembea unakauka kwenye matundu, na tundu likishaziba unaanza kuomba Mungu. Kwa hiyo printa haizimwi ukutani, kamwe. Inazimwa kwa kitufe chake, ili kichwa kirudi kwenye sponji yake kikalale na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kimebaki uchi. Ukirudi tu, kimbia ukawashe, hata kama umeshika kijiko. Kiangazi, vumbi la magari ya watalii likianza kupita madirishani, printa inafunikwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa kikakamuliwa, na chini ya meza panawekwa beseni la maji ili hewa isikauke. Sindano ya kulazimisha wino, usithubutu. Spiriti, usithubutu. Na dawa kubwa kuliko zote, alisema, ni kwamba printa ichape picha moja kila siku ya Mungu, kuwe na mteja kusiwe na mteja.

Picha hiyo moja ndiyo tuliyoiita picha ya asubuhi. Mafundi wengine wakifanya hivi wanachapa ua, au machweo ya jua waliyoyatoa kwenye simu. Fundi aliona huo ni uvivu. Ua likitoka vibaya nani atajua? Ua lina rangi yoyote Mungu alipenda. Lakini uso wa mtu wa maji ya kunde, alisema, unataka wino wote sita wakubaliane; mmoja akigoma tu, uso unakwambia. Wekundu ukipungua uso unakuwa njano au kijani, bluu ikipungua uso unawaka. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kufagia na kabla ya chai, alivaa shati lake jeupe la kazi, akaketi kwenye kigoda mbele ya pazia jekundu, nami nikampiga. Picha ilitoka, tukaiweka karibu na ya jana, tukazitazama zote mbili mlangoni kwenye mwanga wa jua, uso kwa uso. Zikifanana, alisema "Kichwa kiko wazi, bibie, tunywe chai." Kisha ya jana ikaenda kwenye boksi la viatu. Ya leo ilibaki kusubiri ya kesho.

Nikikumbuka sasa ninaona kosa letu lilipokuwa limekaa, wazi kabisa, kama mbuzi barabarani. Tulilinganisha ya leo na ya jana. Hakuna hata asubuhi moja tuliyolinganisha na ya Januari.

Januari yenyewe tuliianza vibaya. Umeme ulikatika mji mzima, siku kadhaa, nguzo zilianguka kwa upepo, na ulivyokatika kichwa kilikuwa katikati ya picha ya bwana harusi. Uliporudi, picha ya asubuhi ilitoka na michirizi. Mistari myeupe imempita Fundi kutoka kwenye nywele mpaka kifuani, kama mtu anayechungulia kwenye uzio wa fito. Alicheka mpaka akashika ubao, na wanawake wa saluni wakauliza kuna nini. Hakuikimbilia mashine. Kitu kilichokauka hakivunjwi, alisema, kinabembelezwa. Akakunja kitambaa kisichotoa nyuzi, akakilowesha maji safi ya vuguvugu, akakilaza chini ya kichwa, akakishusha kichwa juu yake, na tukakiacha. Tukaenda kula kwa Mama Wankuru, jirani yetu aliyekuwa anapika ugali wa mtama na mihogo, mgagani uliolala kwenye maziwa, na Fundi aliyesema miaka yote kwamba mboga ile ni chungu alimaliza sahani akaomba nyingine. Kesho yake kichwa kilikuwa wazi. Ile ya michirizi nayo ikaenda boksini. Fundi hakutupa picha ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni yeye.

Miezi ya mvua ilipita vizuri. Hewa ina maji, vumbi limelala, kichwa hakisumbui. Alinifundisha kamera, akanifundisha kumwambia mama mzee ainue kidevu bila yeye kuona kama unamwamuru, akanifundisha kwamba anayekuja kupiga picha amekuja na hofu, kwa hiyo mtanie kwanza. Tukila mchana alinieleza habari za Zuhura, mtoto aliyekuwa Pangani kwa mamaye, wa miaka minne, anayedai kwenye simu kwamba baba amletee simba mdogo. Mamaye na Fundi walikuwa wameachana kwa amani, alisema, na mimi sikuuliza zaidi.

Kisha kiangazi kikaingia, na Ramadhani ikaangukia humohumo. Fundi alifunga, kwa hiyo alipokonda hakuna aliyeshangaa. Nilisikia kupitia ubao wanawake wa saluni wakisema Mswahili wetu mwaka huu amefunga kwelikweli, mkanda umeongezwa tundu. Wakacheka, nami nikacheka upande wangu. Mfungo ulipoisha hakurudisha hamu ya kula. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilimfukuza kwa Mama Wankuru. Akasema ni tumbo, limezoea njaa. Alijikuna mikono na shingo, akasema ni vumbi. Akawa anakaa kwenye benchi saa sita mchana kichwa kimeegemea ukuta, akasema ni jua. Kila kitu kilikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa na akili. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema eti ugonjwa unajificha. Haujifichi. Unakuja wakati kuna kitu kingine cha kusingiziwa.

Asubuhi moja akaitazama picha mlangoni, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Leo wekundu umepungua," akasema.

Nikaangalia. Kweli, uso wake ulikuwa umeegemea njano, na weupe wa macho ulikuwa na rangi ya karatasi ya zamani. Tukakubaliana bila kubishana: ni wino mwekundu mwepesi, tundu moja au mawili yameziba, ni kiangazi. Akasafisha kichwa mara moja kwa kitufe, kisha akaacha kipumzike, maana kusafisha sana kunakunywa wino na kujaza sponji bure. Kesho yake akaketi tena kigodani. Picha ikatoka, tukailinganisha na ya jana, na akasema imepata nafuu kidogo. Nami nikaona nafuu. Naapa niliiona. Mtu akitaka nafuu anaiona popote.

Tuliuguza mashine ile kwa wiki nyingi. Beseni la maji chini ya meza likawa mawili. Kitambaa chenye unyevu asubuhi na jioni. Maji ya vuguvugu chini ya kichwa, kipumzike. Akasema labda wino ule wa chupa tulionunua kwa mchuuzi aliyetoka Sirari si wino, ni juisi. Akapanda basi mwenyewe mpaka Tarime kutafuta wa aina nyingine, akarudi amechoka kiasi kwamba alikaa kwenye ngazi ya studio kabla ya kuingia, nikampa maji, akayashika tu. Tukamimina wino mpya. Picha ikatoka njano ileile. Akaniambia nisiwe na haraka, kichwa kilichoziba siku nyingi hakifunguki kwa siku moja. Alikuwa akizungumza na printa akiifunika, anaiambia pole, pole mama, na mimi nikiwa nafagia nilisikia sauti yake imekuwa nyembamba, nikadhani ni huruma.

Mwisho wa kiangazi kukawa na mahafali kwenye sekondari ya Issenye. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mwaka kwa studio ya wilayani, na Fundi alikuwa na wasiwasi wa kwenda kuwatoa watoto wa watu wakiwa na nyuso za njano. Tulikwenda kwa bodaboda mbili, kamera nimeibeba mimi kifuani. Tukapiga wahitimu na baba zao, wahitimu na ng'ombe, mhitimu mmoja na baiskeli aliyoiendesha miaka yote minne. Jumatatu tukaanza kuchapa, na Fundi alisimama pembeni ya printa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wake mwenyewe. Ya kwanza ikatoka. Binti wa maji ya kunde, shanga za rangi shingoni, meno nje. Rangi ilikuwa kamili. Ya pili kamili. Tukachapa mpaka jioni, meza ikajaa nyuso zinazong'aa, nyeusi na nyeupe, hakuna hata mmoja wa njano. Fundi alikaa chini, akashusha pumzi, akasema Alhamdulillah, kichwa kimepona.

Kesho yake aliketi kigodani kwa furaha. Nikapiga, nikachapa, nikaichukua ikiwa bado na ubichi. Ilikuwa njano kuliko zote. Akatwaa, akatikisa kichwa, akasema "Kimerudi tena," na akainuka kwenda kuchota maji ya vuguvugu. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya wale watoto wa Issenye waliotandazwa mezani, wote na rangi zao, karatasi moja, wino mmoja, mashine moja, na usiku mmoja tu katikati. Nikachapa karatasi ya mistari, ile inayoonyesha kila tundu. Mistari yote ilitoka mizima, hakuna hata penye pengo. Ndipo kwa mara ya kwanza mwaka ule wote niliacha kuutazama uso kwenye picha. Nikatazama nyuma yake. Pazia lilikuwa jekundu, jekundu lake lilelile. Shati lilikuwa jeupe.

Alirudi na bakuli. Nikamwambia mistari yote imekamilika.

"Basi ni karatasi."

"Karatasi ni hii ya mahafali."

"Kamera, basi. Imeshika mwanga vibaya."

"Pazia ni jekundu, Fundi," nikasema. "Shati ni jeupe."

Akaweka bakuli chini. Akanyoosha mkono, akaichukua picha, akaitazama muda mrefu, pazia, shati, uso, pazia tena. Kisha akaenda kwenye kioo cha wateja, akalivuta kope la chini kwa kidole, kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Nami nikamtazama yeye. Nilikuwa nimemtazama kila siku kwenye karatasi, na uso wake halisi nilikuwa nao mezani wakati wa chai, umbali wa mkono, na sikuwa nimeuona. Alikuwa wa njano. Alikuwa njano hivyohivyo tulivyomchapa. Mashine ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa tunaisafisha iache.

Nilitamani kichwa kingekuwa kimeziba. Sijawahi tena katika maisha yangu kuombea kitu kiharibike kama nilivyoombea asubuhi ile.

"Tangu lini?" akaniuliza. Jibu lilikuwa kwenye boksi. Akafunga mlango wa mbele, tukalimwaga, tukazipanga sakafuni kwa tarehe zake, kutoka mlangoni, kuzunguka kigoda, mpaka chini ya pazia. Fundi alivua ndala, akatembea pembeni yake polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Ukizitazama mbili zinazofuatana huoni kitu. Ukitembea kutoka Januari unamwona mtu anaondoka. Mashavu yanashuka, shingo inakuwa na nafasi ndani ya kola, na njano inaanza mapema kuliko tulivyowahi kudhani, mvua zikiwa bado zinanyesha, wakati tukila na kucheka. Alirudi mpaka mwanzo, akainama, akaiokota ile ya michirizi. Akaishika karibu na dirisha. "Hapa mashine ndiyo ilikuwa mgonjwa," akasema, akatabasamu lile tabasamu la pembeni, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye vumbi na kulia bila vitunguu.

Kabla hatujakwenda hospitali aliniomba kitu kimoja. Alitaka picha ya kumpelekea Zuhura, ya leo, si ya zamani, ili mtoto asije siku moja akaambiwa baba yake alipiga picha ya mwisho akiwa mzima halafu akaacha kumkumbuka. Lakini asimwone hivi. "Ongeza wekundu," akasema. Nikakaa kwenye kompyuta, nikazungushia uso peke yake, nikauongeza wekundu kidogokidogo huku amesimama nyuma yangu akisema bado, bado, hapo. Nikamponya kwa kompyuta. Tukachapa, na printa ile iliyouguzwa miezi mizima bila kuugua ikatutolea mtu wa maji ya kunde mwenye afya zake. Akaivika fremu kwa mkono wake mwenyewe, fremu nzuri ya mbao kuliko zote zilizokuwa dukani.

Hospitali walisema ini. Wakatutuma Mwanza, na huko daktari mmoja mpole akanieleza kwamba jambo hili huenda lilianza miaka mingi kabla, pengine kabla hajafika kwetu, na kwamba hata tungekuja mvua zikinyesha asingeweza kuniahidi kitu. Nilimshukuru kwa maneno yale. Bado namshukuru. Ila yeye hakuwahi kuiona ile sakafu. Ndugu zake wakaja kumchukua wampeleke Pangani, na pale stendi, akiwa amejifunika shuka kwenye joto, akanishika mkono akaniambia nisikiache kichwa kikauke.

Sikukiacha. Kila asubuhi nilifagia, nikawasha taa mbili, na kwa kuwa kigoda hakikuwa na mtu nilipiga kigoda. Kigoda na pazia jekundu. Ya leo pamoja na ya jana, mlangoni, kwenye mwanga. Alipopata nguvu alinipigia simu na swali lake lilikuwa moja, kama nimechapa leo, na kama imetoka vizuri, nami nilisema imetoka vizuri, na yeye akasema basi kunywa chai, bibie. Siku moja simu ililia kwa namba yake na sauti haikuwa yake. Walikuwa wamekwisha kumzika, kama dini yao inavyotaka, na mimi nilikuwa nimesimama Mugumu nimeshika picha ya kigoda.

Tulikusanyika kwa Mama Wankuru, Wakristo na Waislamu wa pale sokoni, tukamwombea. Mzee mmoja akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nikainuka. Nilikuwa mdogo na haikuwa adabu, lakini niliinuka na kumwambia shikamoo mzee, Fundi hakuficha chochote, alituonyesha kila asubuhi. Hakuna aliyenielewa. Mama Wankuru akanivuta nikae.

Chai ya Zuhura ilikuwa imepoa na chapati hakuigusa. Nikamweleza yote, niliyoyaandika hapa na mengine niliyoyaacha. Nikamwambia majibu ni yote mawili. Wino ule wa chupa hauna uvumilivu wa jua, na wekundu ndio unaokimbia kwanza. Picha ilitundikwa ukutani mkabala na dirisha, mwaka baada ya mwaka wekundu niliouongeza ukaondoka, na kilichobaki ni rangi niliyokuwa nimeificha. Aliniuliza kwa nini sikuwatumia picha nyingine, maana zile za simu zilipotea msibani pamoja na simu yenyewe. Nikasema sikujua namna ya kumtumia mtoto boksi ambalo ukilipanga baba yake anakufa tena. Akainua macho kwenye boksi lililokuwa juu ya kabati. Kisha akasema, "Lishushe, mama."

Hatukuzipanga sakafuni. Alizishika mapajani, akazitazama kutoka juu, kwanza vigoda vitupu, halafu njano, halafu akarudi nyuma polepole kuelekea Januari, akawa anamwona baba yake akinenepa na kupata rangi. Sikuwa nimefikiria kwamba boksi linaweza kusomwa kutokea upande huo. Alipofika chini kabisa akaitoa ile ya michirizi. Nikamwambia hiyo ni mbovu, kichwa kilikuwa kimeziba. Kama anaipenda naweza kuiondoa mistari kwenye kompyuta, ni kazi ya dakika chache, nitamchapia safi kwa wino wa siku hizi usiokimbia.

"Na yeye hapa alikuwaje?"

"Alikuwa mzima. Alikuwa amecheka mpaka akashika ubao."

"Basi usiiguse," akasema, akaitoa ile ya njano kwenye fremu ya mbao, akaivika hii. Ile ya njano akanirudishia, nami nikaiweka boksini mahali pake, kati ya mahafali na kigoda cha kwanza.

Ilikuwa bado mapema na nilikuwa sijachapa picha ya asubuhi. Nikamwomba Zuhura akae kigodani. Pazia si lile, lile liliisha kwa kufuliwa, lakini ni jekundu na nilichagua jekundu kwa makusudi. Akarekebisha mtandio, akainua kidevu bila kuambiwa. Nilipiga, nikachapa, picha ikatoka ikiwa na ubichi wake, na mkono wangu ukataka kwenda nayo mlangoni kwenye mwanga kama zamani. Sikwenda. Niliiweka mezani imegeuzwa chini, nikamsogelea mtoto wa Fundi Zuberi, nikamwambia anitazame, nikaangalia macho yake, weupe wake, mashavu yake, mpaka akaanza kuona haya na kuniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mwanangu. Ndipo nikaigeuza picha.